Konokono Tuliowafukuza

Zamani, ukitoka Mogogosiek kwa miguu kuteremka mtoni, alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai, ungeona dirisha moja linalotoa mwanga wa buluu. Wachumaji waliopita hapo na vikapu mgongoni walisema ni televisheni ya mama mzee asiyejua kuizima. Wengine walisema anafuga majini. Kumbe ni bahari ilikuwa humo ndani, imezungushiwa vioo, sebuleni, kati ya kochi na kabati la vyombo. Kazi yangu ilikuwa kuangalia konokono wa bahari hiyo, nijue nani ni nani.

Mwenye nyumba tulimwita Kogo, ndiyo nyanya kwa Kikipsigis. Wajukuu walimwita hivyo, majirani pia, mpaka fundi wa stima. Alikuwa nesi Mombasa karibu maisha yake yote ya kazi, na mumewe alikuwa fundi wa mashine bandarini. Walipostaafu, wenzao walirudi nyumbani na makochi na friji. Wao walirudi na tangi la vioo refu kama jeneza, mapipa ya maji ya chumvi juu ya lori, na ndani ya ndoo iliyofunikwa gunia bichi, chaza mmoja mdogo kuliko kiganja cha mkono. Mimi sikuwepo, nilihadithiwa. Nilipofika, mzee wake alikuwa ameshazikwa nyuma ya nyumba, na chaza amekua ukubwa wa sahani ya ugali. Maganda yake mawili yalifunguka kama kitabu, na ndani mdomo mnene wa buluu yenye madoa ya kijani, rangi ambayo sijaiona kwa kitambaa chochote sokoni. Mzee ndiye alimnunua kwa mfugaji wa huko pwani. Kogo hakuwahi kusema kwamba anampenda kwa sababu hiyo. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, alienda kumsalimia yeye kwanza.

Nilifikaje pale? Hapo lazima nitaje watu.

Nilizaliwa kando ya ziwa, nikaletwa kwenye kambi ya chai nikiwa mgongoni mwa mama. Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu nikapewa kikapu. Kambi ndiyo ilikuwa kwetu, sikuwa na kwetu kwingine. Mwaka ule wa fujo ikachomwa. Watu wanapenda kusema "ilichomwa", kama vile moto ulijileta wenyewe. Mimi sisemi hivyo. Nyapara wetu ndiye aliyetembea mbele ya vijana akiwaonyesha milango, huu ni wa mtu wa ziwa, huu achana nao. Karani wa mizani, aliyepima majani yangu miaka yote na kuniuliza habari za watoto, ndiye aliyenikamata leso nikikimbia. Nilimwachia leso mkononi nikaenda na rinda tu. Baadaye niliiona sokoni Kapkatet, mke wake ameifunga kiunoni, bado nzuri. Na meneja aliyeturudisha kazini kwa hotuba ndefu ya amani ndiye huyo huyo aliyeleta mashine za kuchuma, akatuambia tutafute njia nyingine. Mume wangu alitoka kwenye moto ule na kifua kibovu, nacho ndicho kilichomuua. Majina yao siandiki, lakini kama watasoma hapa, wanajijua.

Kwa hiyo nikawa kibarua kwenye mashamba madogo ya watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku moja nilichuma kwa Kogo. Jioni alinipa chai, akanisikiliza nikiongea, akaniuliza kama naweza kuona vizuri kitu kidogo cha ukubwa wa punje ya mtama. Nikasema ninaona. Akanishika mkono akaniingiza sebuleni.

Niliporuka nyuma, niligonga kabati.

Utotoni kwetu, konokono alikuwa kitu cha kukimbia. Mwalimu alituambia maji yenye konokono yana kichocho, na kaka yangu mkubwa alikojoa damu mpaka tukaamini. Sasa hapa nilikuwa naona konokono wamejaa vioo, wengine wakubwa kama ngumi ya mtoto, wanatembea na midomo wazi, na mama mzee ametia mkono wake humo mpaka kwenye kiwiko.

"Kogo, toa mkono," nikamwambia. "Hawa wanaleta kichocho."

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alikuwa na Kiswahili cha pwani kilichomshinda kuacha, watu wa hapa walimcheka nacho sokoni. "Mwanangu," akasema, "wale ni wa maji matamu. Hawa ukiwatia katika ziwa lenu watakufa kabla hujamaliza kuwasonya."

"Sasa hapa wanafanya kazi gani?"

"Wanapalilia."

Na ni kweli, walikuwa wapalilizi. Mawe ya tangi huota ukijani kama vile shamba huota magugu, na konokono hupita mstari kwa mstari wakikwangua. Kogo alikuwa na presha ya macho. Alisema anaona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Alitaka mtu wa kumwambia nani yuko wapi, nani amelala chali, nani ni mpya. Alinipa chumba kilichopakana na jikoni, penye joto la jiko ukutani. Tangu kambi ichomwe sikuwa nimelala mahali ambapo hakuna mtu angenigongea mlango.

Nilifundishwa kama unavyofundishwa kuchuma, kwa kukosea mbele ya mtu mvumilivu. Tulikaa mbele ya vioo kabla taa ya tangi haijawaka sawasawa, saa ambayo konokono wengi wako kazini, mimi na tochi, yeye na kikombe. Kwanza angalia gamba lote, aliniambia, ni pia ya kuchezea watoto au ni mviringo au ni msumari. Halafu angalia mlango. Mlango wa duara, mara nyingi ni mla majani. Mlango wenye kamfereji mbele, hapo hutokea mkonga wa kunusia, na mwenye mkonga mara nyingi anatafuta nyama. Halafu uliza kama ana kifuniko cha kufungia akiingia ndani. Mwisho mlaze chali uone kama anaweza kujigeuza. Kuna jamii ambayo ikianguka chali haina la kufanya, itakaa hivyo mpaka ife, na kuna nyingine inanyoosha mguu na kujipindua kama kijana anayetoka kitandani.

Majina ya kitabuni alikuwa nayo Kogo, yalikuwa marefu na sikuyashika. Tukawapa yetu. Yule mwenye gamba la pembe tatu lenye mistari ya waridi, mchapakazi, anayejigeuza mwenyewe, tulimwita Pia. Wale wembamba warefu waliokaa mchangani tuliwaita Misumari. Kulikuwa na mweusi wa mviringo aliyependa kupanda kioo mpaka nje ya maji, akabaki hapo juu kama amesusa, na kutuachia mayai meupe kama ufuta kila mahali. Huyo alikuwa Shemeji. Yule mkubwa mnene, aliyepita juu ya kila kitu na kuangusha matumbawe ya watu bila kutazama nyuma, mimi ndiye nilimpa jina la Nyapara. Na wale waliojizika mchangani siku nzima usiwaone, halafu chakula cha samaki kikidondoka tu wanafumuka wote na mikonga juu, hao nikawaita Makarani.

Kogo aliniuliza kwa nini Makarani. Nikamweleza habari ya leso. Akasema basi leo wasipewe chakula. Tukacheka sana siku hiyo. Sijui kama nimewahi kucheka vile tena.

Nikikumbuka miaka ile naisikia zaidi ya kuiona. Pampu ikinung'unika, mvua ya saa nane juu ya mabati, gari la majani likipanda mlima kwa gia ndogo, na harufu ya chai inayonyaushwa ikija na upepo kutoka kiwandani. Kogo alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa na mkaa, nyuma ya mlango. Tulikunywa tukitazama Pia akipanda kioo. Hakuna aliyetuuliza tunatazama nini.

Isipokuwa kijana wake wa mwisho.

Huyu alikuwa na duka la dawa za mifugo kule Kapkatet. Hakuwa mtu mbaya kwa kila jambo, na nasema hivyo ingawa namtaja. Alimletea mama yake dawa za macho, alilipa stima, alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Lakini hakupenda tangi, na hakunipenda mimi. Aliona mama yake amekuwa kipofu mikononi mwa mtu wa ziwa ambaye kazi yake ni kuangalia wadudu. Akiingia alinisalimia kama unavyosalimia ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani.

Mwaka mmoja dereva wa lori, rafiki wa marehemu mzee, alileta jiwe jipya kutoka kwa mfugaji wa pwani, pamoja na mtungi wa maji ya bahari yenyewe, zawadi kwa Kogo ili anuse kwao kwa pili. Jiwe tuliliweka tangini. Mtungi Kogo aliuweka chini ya kitanda chake, alisema hayo si ya kutumia ovyo.

Wiki zilizofuata niliona wageni. Watatu. Walitoka chini ya jiwe lile giza likiwapo, weusi wenye madoa, laini kama koa wa shambani, na wepesi sana. Konokono huwa hana haraka. Hawa walikuwa wanakimbia. Nilitafuta gamba sikuliona vizuri, nilitafuta kifuniko hakuna, nilitafuta mlango hakuna mlango. Nilimweleza Kogo. Akaniambia nichukue kitabu chake cha picha, nitafute kurasa za koa. Tukapita koa wote, mimi nikisoma herufi moja moja, yeye akiniunganishia. Wengine mle walikuwa wala matumbawe, wengine walikuwa na sumu. Wetu hatukumpata.

Na wakati huo huo chaza akaanza kukataa kufunguka.

Kogo macho yalikuwa yamebakia kuona mwanga tu, lakini chaza alimjua kwa sikio. Alipitisha mkono juu ya maji, kivuli kikamwangukia chaza, naye akajifunga kwa nguvu na kurusha maji. Pluk. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao ya kila asubuhi. Sasa sauti ilianza kuwa ndogo. Mdomo wa buluu ulikuwa unarudi ndani, pembeni umekunjamana kama kitambaa kilichoungua. Na asubuhi mbili nilimkuta mgeni mmoja amepanda juu ya ganda lake.

Jumapili ile kijana alisimama mbele ya tangi na mikono nyuma. Kogo alimweleza kwamba chaza anaumwa. Yeye alinitazama mimi.

"Mama, hii nyumba ina mtu anatia mikono na sabuni humo ndani kila siku," akasema. "Mimi sisemi mengi. Huyo chaza wa mzee akifa, huyu mama atafute kwingine. Nimesema mbele yake."

Kogo hakumjibu hapo hapo. Nami nilijua, kwa namna alivyokaa kimya, kwamba hana hakika. Mtu asiyeona hana hakika ya mikono ya mtu mwingine. Nilienda jikoni nikakaa kwenye kigoda. Nilijiona nimeshika begi tena barabarani. Mara ya kwanza walinifukuza kwa moto, mara ya pili kwa mashine. Sasa nitafukuzwa kwa sababu ya chaza.

Kwa hiyo nilipowatazama wale wageni watatu, sikuwa na huruma. Kulikuwa na mgonjwa, na kulikuwa na waliokuja juzi wasiojulikana ukoo wao. Mimi na Kogo tuliamua pamoja. Wanatoka.

Kuwakamata kulinichukua asubuhi nzima. Wa kwanza nilimshika mkiani, na akauacha. Kipande cha mwili wake kilibaki kati ya vidole vyangu kinajinyonganyonga, na mwenyewe ameshapotea chini ya jiwe. Nilibaki nimekishika. Nilisikia ile leso ikichomoka mwilini mwangu, nilisikia mpaka ubaridi wa mabega. Kogo akaniuliza nimenyamaza nini. Nikamwambia huyu amejikata mkia akakimbia. Akasema, "Basi mshike polepole. Naye ana roho."

Hakutaka kuwatupa kabla hajajua ni nani. Akatoa ule mtungi chini ya kitanda, maji ya bahari yenyewe, akamimina kwenye beseni la buluu tulilokuwa tukifulia. Nilimwambia anaharibu zawadi kwa wachawi. Akasema maji ya tangi hataki kuyapunguza wakati chaza anaumwa. Tukatia kipande cha jiwe chenye ukijani, kapampu kadogo ka hewa, na beseni nikaliweka chumbani kwangu kando ya ukuta wa jiko, kwa sababu baridi ya huku ingewaua siku ya kwanza. Nililala na washtakiwa wangu chini ya kitanda.

Chaza hakupata nafuu.

Halafu Nyapara akaanguka kutoka kwenye kioo. Nilimkuta mchangani amelala chali, mguu umelegea nje ya gamba, hata kifuniko hakikumfunika. Kesho yake Pia wawili. Nikawageuza, wakaanguka tena, wale ambao hawakuwahi kuhitaji msaada wa mtu. Nilidondosha chakula, Makarani hawakutoka. Samaki walikuwa wanaogelea tu kama kawaida, wanakula, wanafukuzana, na hilo ndilo lilituchanganya zaidi. Kogo alisema kama ni maji mabaya samaki nao wangeugua. Alinyoosha mkono nikampa makombe moja baada ya lingine, akayatambua kwa vidole. Huyu Pia. Huyu Msumari. Huyu Shemeji, masikini. Alikuwa anayapanga mapajani kama mtu anayechambua maharagwe.

Wale wa kwenye beseni walikuwa wazima. Wanakula, wanakimbia, na mkia wa yule aliyejikata ulishaanza kuota. Nilimwambia Kogo. Akainua kichwa.

"Wako kwenye maji ya lori," akasema taratibu. "Hawa wengine wako kwenye maji yetu."

Maji yetu yalikuwa ya mvua, ya kwenye tangi la nje, tukiyachanganya na chumvi ya bahari ndani ya pipa la plastiki, kila wiki kidogo. Chumvi ilikaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na aliyekuwa akiijaza ni kijana. Miezi ya karibuni niliona imebadilika rangi kidogo, kama imechanganyika na vumbi la barabara. Nilimuuliza. Alisema ni kampuni mpya.

Siku hiyo nilitoa pipa nje nikaliosha, nikaliegemeza kwenye ua likauke. Nilipotoka kwenda kuchukua kuni nilikuta ng'ombe wa Kogo amefungua kamba, ametia kichwa kizima ndani ya pipa, analamba. Nilimvuta akagoma. Pipa lile lilikuwa likianikwa nje pale miaka yote na hakuwahi kulijali, alipita tu. Sasa alikuwa analisukuma ukutani apate kulamba chini kabisa, na alipotoa kichwa, mdomo ulikuwa na uji mwekundu wa kutu.

Nilienda kumleta Kogo kwa mkono. Akatia vidole ndani ya pipa, chini kabisa, kwenye kona ambayo brashi yangu haikufika, akaweka ulimini. Mwanamke huyu alikulia kwenye ng'ombe, alichunga ndama kabla hajajua shule. Uso wake ulibadilika hata kabla hajameza.

"Hii ni ya ng'ombe," akasema.

Jumapili kijana alipokuja, chaza alikuwa amefunguka kabisa, wazi, na hajifungi. Nilikuwa nimemhamishia kwenye beseni pamoja na wageni mara tu tulipojua, lakini tulichelewa. Kogo alikuwa amekaa sakafuni kando ya beseni. Alipitisha mkono juu ya maji. Hakuna sauti. Akaupitisha tena. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, nadhani hata yeye alikuwa anasikiliza.

Kogo alimuuliza habari ya chumvi bila kupandisha sauti. Hakukana. Alisema mzigo wa Nairobi ulikuwa unachelewa, akaona mama asikose, akaongezea chumvi ya dukani kwake. Chumvi ni chumvi. Tena ile ya ng'ombe ni bora, ina madini ndani, ng'ombe wakiitumia wanang'aa, kila mkulima huku anajua. Na ndivyo ilivyo. Alitaka chaza ang'ae. Kogo akamwambia kwamba kati ya madini hayo kuna shaba, na shaba samaki huivumilia kidogo, lakini konokono na chaza haiwaachi. Alijua hilo tangu pwani. Hakujua tu kwamba mtu angeileta nyumbani kwake.

Halafu akasema, "Ulisema chaza akifa, mtu atatafuta kwingine. Haya. Amekufa. Nani atoke?"

Kijana alitazama sakafu. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, mwiko mkononi, na sikuweza hata kukoroga.

"Mama, nilifikiri..."

"Hujajibu."

Akageuza kofia mikononi. Kogo akasema hapa hatoki mtu. Lakini ukimsingizia mtu mbele yake, mbele yake vilevile unalipa, na maneno matupu hayatoshi. Katika boma lake kulikuwa na mtamba mweusi ambaye kijana alikuwa anamsubiri akomae ampeleke kwake. Kogo akasema huyo sasa nipewe mimi. Akaniita nije. Akatoa kibuyu nyuma ya mlango, akanywa, akampa mwanawe, mwanawe akanywa, akanipa mimi kwa mikono miwili. Sikumtazama usoni. Nilikunywa. Ilikuwa na ule ukali wa mkaa ninaoupenda.

Karani hajawahi kunirudishia leso. Nyapara ninaonana naye kanisani, anaimba. Huyu ndiye mtu pekee kati ya wote walionifukuza aliyewahi kunilipa, na alilipa kwa sababu mama yake kipofu alimsimamia.

Tukaosha tangi, Kogo na mimi. Tulitupa mchanga, tukatupa mawe, maana shaba hujificha humo. Dereva wa lori akaleta maji ya bahari mitungi mingi, na ndani ya tangi lile refu kama jeneza tukawaweka wageni watatu na samaki, ndio waliobaki. Watu walicheka. Bahari nzima ya koa watatu. Lakini kwenye maji meupe, bila mawe ya kujificha, mchana taa ikiwaka, ndipo nilipoliona gamba. Lilikuwa mgongoni, limezama nyamani nusu, dogo kuliko kucha, halimfuniki hata robo yake. Umbo la sikio la mtoto. Nikamwambia Kogo, hawa si koa. Wana gamba, limewabana tu.

Kitabu tukakirudia. Kurasa za konokono safari hii. Mimi nikasoma herufi, yeye akaunganisha. Picha ilikuwa ile ile, sikio na madoa na vyote. Kilisema kwamba anakula ukijani wa mawe, hagusi tumbawe wala chaza, na akishikwa huacha kipande cha mguu akakimbia, kisha kikaota. Ndiyo maana tulimkuta juu ya ganda la chaza. Alikuwa analisafisha.

Kogo alikunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Halafu akaniomba nimwekee mmoja kiganjani, ndani ya maji. Nikamwekea polepole. Alisema anatekenya.

Baada ya miezi, kioo kilijaa vitu vidogo kama mbegu za nyanya, kila kimoja na kasikio kake mgongoni. Nilimhesabia Kogo mpaka nikachoka, na yeye hakuchoka kuuliza. Hizo ndizo asubuhi ninazozitaka zirudi, hata zile za chaza sizitaki kama hizo. Yeye na kikombe, haoni kitu. Mimi na tochi. "Na hapo juu?" anauliza. Wako. "Na pembeni?" Wako, Kogo. Wako kila mahali.

Alifariki mvua za masika zikianza. Nilihama, nikapanga chumba karibu na Kapkatet, na mtamba wangu akaja nami, sasa ni ng'ombe wa maziwa na ana ndama wake wa pili. Dirisha la buluu halipo. Stima ya ile nyumba ilikatwa hata kabla msiba haujaisha, na wale wadogo kwenye kioo sikupewa nafasi ya kuwachukua. Kwa hilo nalo namtaja kijana.

Tangi liko dukani kwake. Ameligeuza nyumba ya vifaranga, amewawekea taa ya joto na maranda ya mbao, wanalia humo siku nzima wakigonga vioo kwa midomo. Ukiangalia kona ya chini, upande wa kushoto, kuna alama nyeupe ya chumvi ambayo haijatoka.

Juzi niliingia kununua chumvi ya ng'ombe. Sina duka lingine la karibu. Alinyanyuka mwenyewe, akaniita mama, akaniuliza ndama anaendeleaje. Akashusha pakiti kwenye rafu, akaiweka juu ya meza, na hakuiachilia. Mkono wake ukabaki juu yake. Vifaranga walikuwa wanapiga kelele nyuma yetu.

"Hii ni ya ng'ombe," akasema.

"Najua," nikamwambia.

Akaachilia.